Alilolijua Tarishi

Hotuba kwa wakuu wa vitengo na wafanyakazi, Chake Chake, Pemba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa mliokaa mbele, wakuu wa vitengo, makarani, wauguzi, madereva, wahudumu, na nyinyi wanangu mliosimama kule mlangoni kwa kukosa viti, nakushukuruni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya namna ya kupata mawazo ya kutengeneza mambo kazini, na namna ya kuyapima tukishayapata. Elimu ya uongozi sikuisomea. Nimekaa masjala miaka 31, tangu 1988 hadi nilipostaafu 2019, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeimaliza katika chumba cha majalada cha hospitali. Kwa hivyo nitasema niliyoyaona kutokea dirishani, pale mgonjwa anapopitisha kadi yake.

Nianze na kisa.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Jumanne ilikuwa siku ya kliniki ya kisukari. Wagonjwa wakianza kufika alfajiri, wengine wametoka Kojani, wamevuka kwa mashua giza halijatoka. Na wamekuja na njaa, kwa sababu wameambiwa wasile kitu mpaka wapimwe sukari. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Wazee wenye kisukari wamekaa juu ya sakafu hadi saa tano, hawajatia kitu mdomoni, na daktari yupo chumbani kwake, na dawa zipo. Kilichokuwa hakipo ni jalada. Karani mmoja wa zamu alikuwa akipokea kadi, anakwenda nyuma, anapanda ngazi, anatafuta, anashuka, anarudi kuchukua kadi ya pili. Hivyo hivyo mpaka adhana ya adhuhuri.

Malalamiko yakapanda juu. Mkuu wetu akaita kikao, tukakaa watu kama ishirini. Akasema, "Haya, nani ana wazo?" Kimya. Akauliza tena. Kimya, mnasikia feni tu. Basi akatoa lake: tununue rafu mpya na dirisha lipanuliwe. Tukaitikia sote, "Sawa mkuu." Muhtasari ukaandikwa kwamba wajumbe walijadili kwa kina. Rafu zikaja, dirisha likapanuliwa, na foleni ikabaki ile ile.

Kesho ya kikao kile nilikuwa chini ya mwembe wa uani nakunywa chai. Tarishi wetu akaja kukaa. Mtu mzima yule, rika la baba yangu, ndiye aliyekuwa akibeba majalada kutoka masjala kuyapeleka kwa daktari kila siku ya Mungu. Akaniambia, "Mwanangu, hawa wa Jumanne si ni wale wale? Muuguzi wa kliniki anayo orodha yao, na siku zao za kurudi amewaandikia mwenyewe. Kwa nini tusiyatoe majalada yao Jumatatu, tukayapanga juu ya meza, wakija asubuhi ikawa kuwapa tu?"

Nikaweka kikombe chini. Nikamuuliza, "Baba, hili umelifikiri lini?"

Akasema, "Mwaka wa nne sasa."

"Na jana kikaoni mbona hukusema?"

Akacheka kidogo, akasema, "Mwanangu, dau la mnyonge haliendi joshi."

Miaka minne, ndugu zangu. Hesabuni Jumanne zilizomo ndani ya miaka minne, ni zaidi ya mia mbili. Kila moja ya Jumanne hizo kuna wazee waliokaa na njaa, na dawa ya shida yao ilikuwa imo kichwani mwa mtu anayepita mbele yetu mara thelathini kwa siku. Na mimi niliyekuwa msaidizi wa mkuu wa masjala sikuwahi kumuuliza. Tangu siku ile, mkuu yeyote akiniambia wafanyakazi wake hawana mawazo, simwamini. Huwa namuuliza aliwauliza vipi.

Maana kuna kuuliza na kuuliza. Ukimwita mtu mbele ya wenzake ukamwambia "toa wazo", umempa mtihani. Anaona lazima aseme jambo kubwa, lenye maneno ya semina, na akikosea atachekwa. Lakini muulize, "Jana kazini kilikukera nini?" Atakujibu papo hapo, na pengine hatanyamaza mpaka jioni. Muulize, "Kazi gani uliifanya mara mbili wakati ingetosha mara moja?" Muulize, "Kuna daftari unalijaza kila siku na hujui nani analisoma?" Wazo la kutengeneza kazi mara nyingi limelala ndani ya kero, na kero anaijua yule anayeishika kazi kwa mkono.

Njia nyingine ni kuifuata kazi kwa miguu. Wakati mmoja nilichukua fomu ya likizo ya muuguzi mmoja, nikaifuata meza kwa meza, kila inapolala nami narudi kesho yake kuiangalia. Ilipita meza saba. Meza ya tano nilimuuliza bwana aliyekuwapo, kwa heshima, "Kabla hujatia saini, unaangalia nini?" Akanijibu kwa ukweli kabisa, "Naangalia kama wa meza ya nne ametia." Wa meza ya nne naye alikuwa anaangalia wa meza ya tatu. Mtu hawezi kuliona hilo akiwa amekaa afisini mwake anasubiri ripoti. Mkuu wa kitengo asiyeifuata karatasi yake walau mara moja kwa mwaka, mimi nitasema waziwazi, hajui kitengo chake kinafanya nini.

Wenzetu wa nchi nyingine jambo hili walilitilia maanani zamani. Kampuni ya magari ya Toyota, kule Japani, ilianzisha mwaka 1951 mpango wa kupokea mapendekezo ya wafanyakazi, baada ya viongozi wake kwenda Marekani na kuuona mpango wa namna hiyo katika kiwanda cha Ford. Na ndani ya viwanda vyao mfanyakazi wa kawaida, yule anayefunga nati, akiona kasoro ana haki ya kuvuta kamba akaita msaada, na kasoro isipotengenezwa kwa wakati mstari wa kuunganisha magari husimama. Fikirini maana yake. Mtu wa ngazi ya chini kabisa amekabidhiwa kamba ya kusimamisha kiwanda. Sisi tarishi wetu hatukumkabidhi hata dakika moja ya kikao.

Lakini hapo Japani kuna kisa cha zamani zaidi ambacho mimi, kwa kuwa ni mtu wa hospitali, hunigusa moyo. Mwaka 1721 mtawala wao, Tokugawa Yoshimune, aliamuru liwekwe sanduku nje katika mji wa Edo, ambao leo ndio Tokyo, ili raia wa kawaida watie humo malalamiko na mapendekezo yao. Aliyeandika alitakiwa aweke jina lake na mahali anapokaa, na sanduku likifunguliwa mbele ya mtawala mwenyewe. Tabibu mmoja wa mjini, Ogawa Shosen, akatia barua yake akasema masikini wanakufa kwa kukosa mtu wa kuwauguza, pajengwe mahali pa kuwatibia. Mwaka uliofuata, 1722, hospitali hiyo ya masikini ilifunguliwa, na ilidumu zaidi ya miaka mia moja.

Sasa nakuulizeni kuhusu masanduku yetu. Karibu kila afisi ya umma hapa kisiwani ina sanduku la maoni. Limetundikwa ukutani, limepakwa rangi, lina kufuli. Ufunguo uko kwa nani? Lilifunguliwa lini? Katika sehemu moja niliyofanya kazi tulilifungua sanduku siku ya kupaka ukuta chokaa, tukakuta barua za mama mmoja aliyeandika mara tatu juu ya jambo lile lile, choo cha wodi ya wazazi kisichokuwa na komeo. Komeo, jamani. Fundi alilitia kwa robo saa, siku ile ile tuliyoisoma barua. Lile la Edo na hili la kwetu yote ni masanduku ya mbao. Lile lilikuwa na mtu aliyekuwa akilisubiri, na hili lilikuwa na kufuli.

Nije sasa kwenye kikao chenyewe, maana vikao hatutaviepuka.

Kuna Mmarekani, Alex Osborn, mtu wa kazi ya matangazo ya biashara, ambaye katika miaka ya 1940 na 1950 alieneza utaratibu wa watu kukaa pamoja na kumimina mawazo. Masharti yake yalikuwa manne: msikosoane wakati wa kutoa, toeni mengi kadiri mnavyoweza, msiogope wazo linaloonekana la ajabu, na jengeni juu ya wazo la mwenzenu. Ni masharti mazuri, na lile la kwanza nitalirudia baadaye. Lakini mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilipima jambo hilo. Wakachukua makundi ya watu wanne wanne waliokaa pamoja, na wakachukua watu wanne wanne wengine ambao kila mmoja alifikiri peke yake, kisha mawazo yao yakakusanywa. Wale waliofikiri kila mtu kivyake walitoa mawazo karibu mara mbili. Baadaye, mwaka 1987, watafiti wawili kule Ujerumani, Diehl na Stroebe, wakaonesha kwamba sababu kubwa ni kusubiri zamu. Mmoja akisema, wengine wamekaa kimya, na anayesubiri ama anasahau lake au analiona halina thamani tena.

Hao walikuwa Wamarekani na Wajerumani. Sasa tia juu yake heshima yetu. Kwetu mdogo hamtangulii mkubwa kusema, mwanamke mgeni wa kikao hamkatizi mzee, na mkuu akishasema, kumpinga mbele ya watu ni kumvunjia hadhi. Mimi siwaambieni muiache heshima hiyo. Nimelelewa nayo na nimewalelea wanangu. Nasema kikao kipangwe ili heshima isimzibe mtu mdomo. Na kupanga huko ni kwepesi: kila mtu apewe karatasi, tuandike kimya dakika kumi kabla hajasema yeyote. Kisha zisomwe kuanzia kwa mdogo wa cheo, na mkuu awe wa mwisho kabisa. Mdogo akisema kwanza kwa sababu utaratibu umemtaka aseme, hakumvunjia mtu adabu, ametii. Na mkuu akisema mwisho, hakuna wa kumuitikia "sawa mkuu", maana wenzake wameshasema yao.

Mtaniuliza, na asiyejua kuandika vizuri? Au anayeona haya mwandiko wake? Huyo akae na mwenziwe anayemwamini, amwambie, mwenziwe aandike. Lakini aandike kwa maneno yale yale aliyoyasema mwenye wazo. Nimeona makarani, na mimi nikiwamo zamani, tunalichukua neno la mfagizi tunalivisha suti. Yeye kasema "ndoo za maji machafu tunazipitisha mbele ya chumba cha chakula", sisi tunaandika "kuboresha mazingira ya usafi". Hapo wazo limeshakufa, hakuna atakayejua ni ndoo zipi wala mlango upi.

Sasa kupima. Hapa nakuombeni mnisikilize kwa makini, kwa sababu wengi wetu tunaharibu hapa.

Nyote mmezaliwa kwenye mikarafuu au mna jamaa wenye mikarafuu. Mchumaji akiwa juu ya mti anafanya nini? Anachuma. Anavuta tawi, anakata kishada, anatia kwenye pakacha. Umepata kumuona mtu amekaa juu ya mkarafuu anachambua karafuu na makonyo, moja moja? Kuchambua ni kazi ya jioni, chini, juu ya jamvi, familia imekaa duara, taa inawaka, mikono inakwenda na maneno yanakwenda. Ndiyo kazi yenyewe ya kutenganisha, na haina mzaha, konyo lina bei yake na karafuu ina bei yake. Lakini ina wakati wake. Ukichambua juu ya mti, utashuka jioni na vishada viwili.

Vikao vyetu vingi vinachambua juu ya mti. Mtu hajamaliza sentensi, mwenziwe kesharukia: "Hiyo bajeti haipo." "Hilo tulijaribu mwaka juzi." "Sheria hairuhusu." Pengine yote ni kweli. Lakini ikisemwa pale pale, wa tatu na wa nne wanakunja karatasi zao wanazitia mfukoni. Basi fanyeni kuchuma asubuhi na kuchambua mchana, au kuchuma leo na kuchambua wiki ijayo. Musipitishe hapo lakini! Karafuu mbichi ikilala kwenye rundo inafanya joto inachacha, na wazo lililolala miezi sita juu ya meza ya mkuu nalo hivyo hivyo.

Na wakati wa kuchambua, maswali gani tuulize? Mimi wazo la tarishi nililipeleka kwa mkuu, nikamtaja mwenyewe kwa jina lake, na mkuu, namshukuru kwa hili, akakubali tulipime. Tukakaa watu watano, na tarishi akiwa mmoja wao. Muuguzi akauliza, majalada yakilala nje ya rafu usiku, siri za wagonjwa zitalindwa na nani? Swali zito. Tukakubaliana yafungiwe ndani ya chumba kidogo chenye kitasa. Karani wa zamu akauliza, nani atakayebaki Jumatatu jioni, na atalipwa na nani? Swali la haki kabisa, maana mawazo mengi mazuri hujengwa juu ya mgongo wa mtu ambaye hakuulizwa. Tarishi mwenyewe akalijibu: Jumatatu saa saba mchana dirisha halina watu, tuyatoe wakati huo. Mwingine akauliza, na mgonjwa ambaye hakuja, jalada lake litarudi lini? Tukaandika: siku ile ile kabla ya saa tisa, na anayerudisha atie alama kwenye orodha.

Mnaona maswali hayo yanavyokwenda? Hakuna aliyeuliza "wazo hili ni zuri au baya?" Waliuliza linamgusa nani, linamwongezea nani kazi, linagharimu nini, likiharibika tutalirudishaje nyuma. Swali hili la mwisho mimi nalithamini kuliko yote. Jambo ambalo likishindwa unaweza kurudi ulikotoka kesho yake, lijaribu upesi, usilipigie mikutano mitatu. Jambo ambalo ukishalifanya huwezi kurudi nyuma, kama kubomoa ukuta au kumhamisha mtu kituo, hilo lipime mara saba.

Kabla hatujaanza, tulifanya kitu kimoja. Kwa Jumanne mbili karani aliandika saa ya kadi kupokelewa na saa ya jalada kutoka, kwa kutazama saa ya ukutani. Bila ya hivyo tungekuja kubishana tu, huyu anasema foleni imepungua, yule anasema iko vile vile. Kisha tukajaribu Jumanne nne. Ya kwanza ilikuwa vurugu, kwa sababu orodha ya muuguzi ilikuwa na majina bila ya namba za majalada, na Pemba hii mnajua wenyewe watu wangapi wana jina moja na la baba moja. Tukaongeza namba. Jumanne ya tatu, saa tatu na nusu asubuhi, hakukuwa na mgonjwa hata mmoja anayesubiri jalada.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe foleni imehamia maabara. Watu wote sasa walifika kwa mpimaji kwa pamoja, naye ni mmoja. Nilivunjika moyo siku ile, sikufichieni. Lakini tarishi akaniambia jambo la maana: zamani hatukujua kama maabara ina tatizo, kwa sababu masjala ilikuwa inaificha. Kwa hivyo ukitengeneza pahala pamoja ukaona shida imeibuka pa pili, usilitupe wazo, lifuate.

Nikupeni na lililoshindwa, ambalo ni langu mimi. Nilisema kliniki ya presha, siku ya Alhamisi, tugawe vibao vya namba vilivyokatwa kutoka maboksi ya dawa, kila anayefika achukue namba akae kwa raha. Tulijaribu wiki mbili. Watu wakaanza kuja mapema zaidi ili wapate namba ndogo, vijana waliosindikiza wazazi wao wakakimbilia mbele, na wazee waliokuja peke yao wakawa nyuma ya wote. Wazo langu liliwaumiza wale wale niliotaka kuwapunguzia. Tukaliacha, na hatukupoteza ila maboksi. Lau tungelianzisha kliniki zote kwa mkupuo mmoja, na waraka, na sherehe ya uzinduzi, nani angethubutu kulifuta?

Mfano mkubwa zaidi wa kujaribu na kupima uko baharini kwetu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, mwaka 1989, kwa vijiti na kamba kwenye maji madogo, na leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka hapa Pemba. Ile aina ya kotonii, yenye bei nzuri, ikaanza kufa, kwa kuwa maji ya kina kidogo yamezidi joto. Wakulima, wengi wao kina mama, na watafiti akiwamo Dkt. Flower Msuya, wakaanza kujaribu njia nyingine. Moja ni kuupeleka mwani maji ya kina kirefu, ndani ya nyavu zilizoshonwa mfano wa mirija ili mawimbi yasiukate. Kwa upande wa mwani wenyewe wazo lilifaa, huko ulimea. Lakini kina kirefu kinataka chombo, na kinataka mtu anayejua kuogelea, na mama zetu wengi hawakufunzwa kuogelea. Ndiyo maana nasema kila wazo lipimwe na miguu ya mtu atakayelitenda: atafika huko vipi, kwa chombo cha nani? Baada ya hapo ndipo unajua kama kazi ya kwanza ni kushona nyavu au kuwafunza wanawake kuogelea. Na wakati hayo yanaendelea, kina mama wengine wakausaga mwani mkavu wakatengeneza sabuni, badala ya kuuza magunia ya mwani mkavu kwa bei ya kutupa. Njia mbili mbali mbali zimezaliwa na shida moja, kwa sababu hakuna aliyesema njia ni moja tu.

Limebaki la kuwajibu watu.

Mawazo mengi mtayakataa, na ni haki yenu. Katika kumi pengine yatafaa mawili. Lakini mwenye wazo lililokataliwa lazima ajibiwe, aambiwe sababu, na aambiwe mapema. Tulifungua daftari, la kawaida la mistari, tukaligawa safu tano: tarehe, nani kasema, kasema nini, tumeamua nini, na kwa sababu gani. Likakaa juu ya meza mahali ambapo yeyote analifunua. Nilijifunza kwamba mtu aliyeambiwa "hapana, kwa sababu hii na hii" hurudi baada ya wiki na wazo lililotengenezwa. Aliyenyamaziwa harudi. Atafanya kazi yake, atatia saini ya kuingia na ya kutoka, na lililomo kichwani mwake atakwenda nalo nyumbani mpaka astaafu.

Na wakuu, nakuombeni kwa heshima zote, msichukue jina la mtu. Nimeshuhudia mkuu mmoja akisimama mbele ya wageni kutoka wizarani anaeleza jambo lililobuniwa na kijana wa stoo, anasema "nikaona", "nikaamua". Kijana yule alikuwa amesimama ukutani, anasikiliza. Alikaa miaka sita baada ya siku ile na sikumsikia tena akitoa neno kikaoni. Kulitaja jina lake kungechukua pumzi moja. Fedha za zawadi mara nyingi hatuna, hilo linaeleweka, lakini jina la mtu tunalo na halina bajeti.

Tarishi wetu alistaafu kabla yangu. Siku ya kumuaga, muuguzi wa kisukari ndiye aliyesoma kutoka kwenye daftari lile, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, jina lake na tarehe. Mzee akaomba aushike ule ukurasa, akautazama muda mrefu.

Sasa, chini ya kila kiti kuna karatasi na kalamu. Mliosimama mtagaiwa. Tuna dakika kumi, hakuna kusema. Andikeni kero moja tu ya wiki hii kazini kwenu, kwa maneno yenu, itajeni kwa mahali pake na saa yake. Kisha tutazisoma, na tutazisoma tu, kuchambua ni baada ya chakula. Waheshimiwa mtakuwa mwisho, mniwie radhi. Wa kwanza kusoma nitamuomba bibi yule aliyekaa karibu na birika, ambaye ameufungua ukumbi huu tangu saa kumi na mbili asubuhi, akaupangusa, akatuchemshia chai. Njoo, mwanangu, kaa hapa mbele, na kalamu yako hii.